Sindano Iliyotutoka Mkononi

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kwamba mama wa makamo, mzaliwa wa Mji wa Kale Mombasa, aliyekaa Nairobi katika mtaa wa Jamhuri kwa zaidi ya miaka ishirini, ameacha habari nyingine zote akaja kuzungumza nawe juu ya gauni la Waingereza wa miaka mia mbili iliyopita. Nivumilie kidogo. Sikulianza jambo hili kwa kupenda mambo ya Kizungu, na tukiendelea huenda nawe ukaliona gauni lenyewe si la kigeni kama linavyodhaniwa.

Mwanzo wake ulikuwa harusi. Binamu wa mwanangu alikuwa aolewe Mombasa mfunguo pili, na mabanati wakapatana kwamba usiku wa wanawake watupu wavae magauni ya zamani ya Kiingereza, kama waliyoyaona katika mchezo wa televisheni uitwao Bridgerton, ulioanza kuonyeshwa mwaka 2020. Ni gauni lililobanwa chini kidogo ya kifua, kisha likaachiliwa literemke lenyewe mpaka miguuni. Fundi mmoja wa Ngong Road akataka shilingi elfu tisa za mshono, na kitambaa juu yetu. Nikamwambia mwanangu, "Haya, tutashona wenyewe." Akanitazama. "Mama, kwani wewe wajua kushona?"

Sikumjibu, maana jibu lilikuwa la aibu. Sikujua.

Marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alijua. Alikuwa na charahani ya kuzungusha kwa mkono, nayo ilikaa juu ya meza ndogo karibu na dirisha la ndani. Kanzu za baba alizishona yeye, surwali yeye, shimizi zetu, foronya, mapazia, vyote vilitoka mkononi mwake. Sisi mabinti wanne alitusukuma vitabuni. "Shikeni kalamu," alikuwa akisema, "sindano itawangoja." Nasi tukashika kalamu, Alhamdulillahi, wala sijutii. Lakini sindano haikutungoja. Siku aliyofariki, ulipofika wakati wa kukata sanda, tulikuwa mabinti wanne tumesimama chumbani, mmoja mwuguzi, mmoja mwalimu, mmoja karani wa benki, na mimi. Hapana hata mmoja aliyejua vile vipande vitano vya sanda ya mwanamke vinapimwaje wala mkasi unatiwa wapi. Bafta aliiacha mwenyewe, ameikunja sandukuni pamoja na karafuu maiti. Kitambaa kilikuwapo, mikono haikuwapo. Ikabidi aitwe bibi mmoja wa mtaa wa pili, ambaye mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Akapima kwa mkono na shubiri, akatia mkasi kidogo ukingoni, kisha akaipasua bafta kwa vidole ikanyooka kama iliyopigiwa rula. Sauti ile ya nguo kupasuka ningali nayo masikioni. Hakutulaumu kwa neno. Heri angalitulaumu.

Basi mwanangu aliponiuliza kama najua kushona, swali lake kwangu halikuwa la gauni peke yake.

Nimesikia watu wakisema mwenye kuanza kushona aanze na foronya, au aende akalipe ada afundishwe charahani ya umeme. Mimi nimeanza vingine, na nasema nilivyoanza ndiyo njia bora: anza kwa sindano ya mkono, na uanze na nguo utakayoivaa. Foronya utaishona uichoke, uitupe. Nguo utakayoivaa mbele za watu itakulazimisha uifumue na kuirudia mpaka ikae. Na katika nguo za kuvaa, gauni hili la zamani limemfaa mjinga wa kushona kama mimi kuliko nguo nyingi za leo.

Waingereza huziita zile zama za unaibu wa mfalme, tangu mwaka 1811 hata 1820, Mfalme George wa Tatu alipoharibikiwa na akili na mwanawe akashika utawala kwa niaba yake. Ndio wakati Jane Austen alipokuwa akitoa riwaya zake. Upande wetu, Sayyid Said alikuwa akitawala Maskati, Mombasa ilikuwa mikononi mwa Wamazrui, na Muyaka bin Haji alikuwa hai akitunga mashairi yake. Charahani haikuwako duniani ya kutajika. Mfaransa Thimonnier alipata hati ya mtambo wake mwaka 1830, Elias Howe wa Marekani mwaka 1846, na Singer mwaka 1851. Kwa hiyo kila gauni la zama zile, la binti wa mkulima na la binti wa mfalme, lilishonwa kwa mkono, pengine kwa mwanga wa mshumaa. Mtu akikwambia huwezi kulishona bila charahani, mwulize wenyewe walilishonaje.

Na kitambaa chake je? Hapa ndipo nilipotega sikio. Bibi zetu walikuwa na majina ya vitambaa vyeupe ambayo vijana wa leo hawayajui: bafta, doria, melimeli. Melimeli ndiyo ile pamba nyepesi kama pumzi, na ndiyo hasa iliyowapumbaza wanawake wa Ulaya wakaacha hariri nzito na nguo za kubana viuno. Iliyo bora kupita zote ilifumwa Dhaka, Bengali. Haikuanzia London. Samuel Crompton alipobuni mtambo wake wa kusokota mwaka 1779, viwanda vya Lancashire vikaweza kuiga uzi ule mwembamba, na pamba waliyoitumia kwa wingi ilichumwa na watumwa wa Marekani. Nasi tusijitoe katika hesabu hiyo. Merikani iliyojaa Unguja katika karne ile, ikiletwa na merikebu za Salem, ilitoka katika pamba hiyo hiyo. Na huku kwetu mwungwana alivaa nyeupe na mtumwa akafungwa kaniki. Nguo haijapata kuwa nguo tu.

Lakini bahari yetu iliijua pamba kabla ya Mwingereza kuijua. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zikifumwa hapo, zikipelekwa mpaka Misri. Majahazi ya Gujarati yalileta marobota yao Mombasa na Malindi kwa karne nyingi. Kwa hiyo nilipokwenda Biashara Street hapa Nairobi (nasi Mombasa tunayo Biashara Street yetu, na ndiko ziliko kanga za "Mali ya Abdulla"), nikaingia duka moja nikamwuliza mzee wa Kihindi kama ana melimeli, nikitarajia anione mshamba. Alicheka. "Malmal!" akasema, akapanda ngazi, akanishushia jora zima. Neno lile la mama yangu lilikuwa likinisubiri juu ya rafu.

Nilinunua mita sita. Nikushauri jambo moja hapa: usiamini maneno ya dukani wala mguso wa kidole. Chomoa uzi mmoja ukingoni, toka nje, uuwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi ikaacha jivu laini. Kitambaa cha plastiki huyeyuka kikawa kitone kigumu cheusi. Yule mzee alinitazama nikifanya hivyo mlangoni pake, nadhani akaniheshimu zaidi. Nilipofika nyumbani nikakilowesha kitambaa usiku kucha, nikakianika, nikakipiga pasi, maana pamba hurudi, na heri irudi kabla ya kukatwa kuliko baada.

Halafu sikukigusa. Juma zima kilikaa kimekunjwa, kwa kuwa niliogopa kutia mkasi. Mwenye kunitoa katika woga ule ni soko la Toi, ambalo kwa mguu si mbali nami. Kwa wauzaji wa mitumba nikanunua shuka kuukuu mbili za kitanda kwa fedha kidogo, na katika shuka hizo nikafanya makosa yangu yote. Karatasi za kukatia nilizifanya kwa gazeti, na sitaficha kwamba ukurasa wa makala kama hii uligeuka kuwa mgongo wa gauni.

Umbo lake ni hili. Juu kuna kiwiliwili kifupi sana, kinachokoma chini ya kifua. Mbele kinakazwa kwa tepe mbili zinazopita ndani ya pindo, moja shingoni na moja chini ya kifua, kama tepe ya surwali ya ndani. Ukinenepa unalegeza, ukikonda unakaza, na hapo mwenye kuanza anasamehewa makosa ya kipimo ambayo gauni la zipu halisamehi. Sketi yake mbele ni bapa. Ubavuni inaongezwa pande mbili za mshazari, nyembamba juu na pana chini. Nilipoziona tu nikazitambua, kwa sababu fundi wa kanzu angeziita taharizi. Marinda yote yamesukumwa nyuma, katikati ya mgongo, yakashonwa kwa kukusanywa sana mpaka mita nzima inakuwa upana wa viganja viwili.

Mgongo ndio wenye hila. Waliukata mwembamba, na mshono wa bega wakaurudisha nyuma badala ya kuuweka juu ya bega, hata mkono unakaa kwa nyuma na mvaaji anajikuta amesimama wima apende asipende. Mimi sikulijua hilo. Nikatia mkono wa kulia katika tundu la kushoto, nikashona usiku hadi saa tano, asubuhi mwanangu akalijaribu na kiwiko kikatazama mbele. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikafumua. Juma lile stima ilipotea mara mbili, na jirani yangu mwenye charahani ya umeme akasimamisha kazi, nami nikaendelea kwa taa ya betri.

Juu ya mshono wenyewe sina mengi. Kwanza unapiga bandi kwa uzi wa rangi nyingine, mishono mirefu ya kushikiza tu, kisha unashona kwa kurudi nyuma kila hatua, saba au nane kwa inchi moja, na uzi umepitishwa katika nta ili usijipote. Kastabini nilidhani ni pambo la vikongwe. Siku ya tatu kidole changu cha kati kikanieleza ukweli, nikaenda kuitafuta.

Kulikuwa na shangazi yangu, amekuja Nairobi kwa matibabu, akikaa nasi. Yeye alikuwa akiketi kitandani na tasbihi yake akinitazama bila kusema. Jioni moja, baada ya sala ya alasiri, akasema, "Mwanangu, mwawaiga Wazungu hata nguo zao za kale? Za sasa hazikuwatosha?" Nikanyamaza, kwa kuwa mkubwa hajibiwi papo kwa papo. Siku mbili baadaye nikalitundika lile la shuka mlangoni ili nilipige pindo. Akalitazama kwa muda mrefu. "Hili si dera tu, limekatwa kifuani?"

Naam, shangazi alilimaliza kwa neno moja suala ambalo mimi nimelizungusha mistari mingi. Pamba nyepesi, pana, isiyobana kiuno, yenye kuteremka: mwanamke wa pwani hahitaji kufundishwa raha ya nguo hiyo. Hata hivyo kuna wenzangu watakaosema, hilo ni sawa, lakini kifua kiko wazi na kitambaa chaonyesha mwili. Hoja yao ina uzito, nami sitaki kuipita kando. Wanachokiona katika televisheni ni magauni ya usiku, ya ngoma na karamu. Mchana wanawake wa zama zile walivaa mengine: mikono mirefu mpaka kwenye vifundo, na shingoni wakajaza kitambaa cheupe kilichopanda mpaka kooni, kichwani kofia au ushungi wa melimeli. Na chini ya gauni, mchana na usiku, kulikuwa na shimizi. Neno hilo hilo, shimizi, tumelipokea kwa Wafaransa kwa njia zake, na mama yangu alitushonea za namna ile ile, zenye kikwapa cha mraba chini ya mkono. Nikachagua la mchana. Nikamshonea mwanangu shimizi ya pamba nzito kidogo ndani, mikono mirefu juu, na shingo nikaifunika. Alinung'unika kwanza, akasema atafanana na bibi harusi wa karne nyingine. Nikamwambia hilo ndilo tulilolitaka.

Wala kushona si kazi duni iliyowafaa wanawake wasio na la kufanya. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1886 jinsi wanawake wa jumba la mfalme walivyokuwa wakipitisha saa zao kwa kushona, kudarizi na kusuka kimia. Walikuwa na watumishi wa kuwafanyia kila kitu, na bado sindano hawakuiacha. Lamu na visiwani wapo wanaoendelea kutoboa na kushona kofia za viua, tundu baada ya tundu, kazi ya miezi kwa kofia moja. Lakini katika nyumba ngapi za Waswahili hapa Nairobi kuna mtu anayeweza kupandisha pindo la surwali? Tunampelekea fundi kifungo kimoja. Abaya twaagiza Dubai, dera twalinunua limeshonwa, na nguo za watoto twazichambua Toi na Gikomba, ambako tangu milango ya mitumba ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapana kilichokosekana. Sisemi watu waache mitumba. Mimi mwenyewe nisingalikata gauni hili bila shuka zile mbili. Wala sisemi viwanda vyetu vya nguo viliuawa na uvivu wa wanawake, maana Rivatex ya Eldoret ilipofilisika, kabla ya Chuo Kikuu cha Moi kuinunua mwaka 2007, kulikuwa na sababu kubwa kuliko sindano yangu. Nasema kuna ujuzi ambao hauuzwi dukani, na siku unapouhitaji huwezi kuuagiza. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mkono wa kuazima nao ni vivyo hivyo, nami nimeuona chumbani kwa mama yangu.

Mabinti wa siku hizi wana masomo, wana kazi, wana foleni za Ngong Road asubuhi na jioni; najua. Mimi pia ninazo. Gauni hili lilinichukua majuma matano, sehemu kubwa kati ya alasiri na magharibi siku za mapumziko. Lingechukua fundi siku mbili. Ukinipigia hesabu ya fedha utanishinda, kwa kuwa saa zangu nikizilipa hata kwa mshahara wa kibarua, zile elfu tisa za fundi zilikuwa rahisi. Sikupata faida ya fedha na simdanganyi mtu.

Tulipofika Mombasa magauni yalikuwa kumi na moja, kumi ya mafundi na moja letu. Mengine yaling'aa kuliko la mwanangu. Kulikuwa na yaliyoshonwa kwa kitambaa cha plastiki, na katika joto lile la usiku wenyewe walikuwa wakijipepea kwa vipande vya kadi, naye alikuwa amekaa baridi katika melimeli yake. Wanawake wazima wakalishika pindo, wakaligeuza ndani nje kama ilivyo ada, kuangalia mshono. Bibi mmoja akaniuliza fundi ni nani. Nilipomwambia, akatazama tena, akaweka kidole penye bega la kushoto, akasema, "Hapa umevuta uzi mno." Ni kweli, nilivuta. Yule bibi ndiye aliyekata bafta ya mama yangu.

Sikumwacha aondoke. Nikamwomba kesho yake nije kwake na mwanangu, akakubali. Tukakaa barazani kwake asubuhi nzima na mita tatu za bafta, akatuonyesha: hii ya kiunoni, hii kanzu isiyo mshono, hii ya kichwa, hizi mbili za kufunikia, unapima hapa, mkasi mdogo tu, kisha pasua, usikate. Mwanangu aliandika katika daftari. Mimi nilipasua. Mara ya kwanza ikaenda upande, mara ya pili ikanyooka.

Sasa tumerudi Jamhuri. Melimeli iliyobaki ni mita moja na robo. Mabinti wawili wa majirani wameanza kuja Jumamosi na shuka zao za Toi, na mmoja tayari amekata mikono miwili ya kushoto. Mimi nimeanza kanzu ya mwanangu wa kiume kwa ajili ya Idi, inshaallah. Badani nimezikata, taharizi zimekaa vizuri. Kikwapa ndicho kinachonishinda. Nimekifumua mara tatu.